Mkono Uliowasha Fataki

Fataki ni baruti iliyovishwa nguo za sikukuu. Ndani ya karatasi yake yenye rangi mna shura, makaa na salfa, vitu vile vile vilivyojaza mizinga na kubomoa kuta za miji. Unga huo haujui kama umewashwa ili kuua au ili kufurahisha. Nia ya mtu ndiyo inayotenga silaha na mchezo, na nia haifungwi ndani ya karatasi pamoja na unga. Kwa sababu hiyo kila taifa lililoipokea baruti, maarifa yaliyozaliwa China, lilipokea pamoja nayo swali la haki: furaha ya mtu mmoja ikigeuka kuwa msiba wa mwingine, nani atajibu?

Nchini Uingereza swali hilo lina historia ndefu, iliyoandikwa katika vitabu vya sheria na katika kumbukumbu za mahakama. Huko serikali ilipata kuamuru shangwe, kisha ikaikataza, kisha ikaifumbia macho, na mwisho ikajifunza kuipima. Safari hiyo ilichukua karibu miaka 400. Katika kila hatua kitu kilichotafutwa kilikuwa kimoja, yaani mkono wa kushikwa: mkono uliorusha, mkono uliouza, au mkono uliotengeneza.

Chanzo cha mila ya fataki miongoni mwa Waingereza ni baruti iliyoshindwa kulipuka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, mtu aliyeitwa Guy Fawkes alikamatwa katika ghala chini ya jumba la Bunge, London, akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na wenzake walikuwa Wakatoliki waliochoshwa na dhiki iliyowekewa dini yao, na walikusudia kumwua Mfalme James I pamoja na wakuu wa nchi siku ya kufungua Bunge. Njama ilipofichuka, watu wa London waliwasha mioto ya shangwe njiani. Mapema mwaka 1606 Bunge lilitunga sheria iliyowataka raia waende kanisani kila tarehe 5 Novemba kumshukuru Mungu. Sheria iliamuru sala. Watu wenyewe waliongeza moto, na baadaye fataki. Mpaka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1859, kuikumbuka siku hiyo kulikuwa wajibu wa raia. Aghalabu sanamu ya Papa ilitupwa motoni, na Mkatoliki aliyekaa kimya nyumbani mwake alijua kwamba shangwe iliyosikika nje ilikuwa juu yake. Furaha iliyoamriwa na dola haikosi mtu wa kuilipia.

Mfalme William III alishuka Uingereza akitoka Uholanzi tarehe 5 Novemba 1688, na tangu hapo siku hiyo ilizidi utukufu machoni pa Waprotestanti. Lakini ni katika enzi yake huyo huyo, mwaka 1697, Bunge lilipotunga sheria ya kuzuia kurusha na kuwasha fataki. Utangulizi wake ulieleza sababu bila ya mapambo: kwa ajili ya mchezo huo watu walikwisha poteza maisha, wengine macho, na wengine walipatwa na hasara nyingine. Kwa hiyo kutengeneza au kuuza fataki kulitozwa faini ya pauni 5. Kurusha fataki njiani, au kuruhusu zirushwe kutoka nyumbani mwa mtu, kulitozwa shilingi 20. Nusu ya faini iliwaendea maskini wa mtaa, na nusu ilimwendea mshtaki. Tendo lenyewe lilitangazwa kuwa kero kwa umma.

Kwa maandishi sheria hiyo ilikuwa kali. Kwa vitendo ilikuwa mlango usio komeo. Mtu aliyemshtaki jirani yake kwa kurusha fataki aliweza kutumaini shilingi 10, na baada ya hizo, chuki ya mtaa mzima. Tena serikali yenyewe haikuacha kuonyesha jinsi moto wa angani unavyopendeza. Tarehe 27 Aprili 1749, katika bustani ya Green Park, London, Mfalme George II alisherehekea amani kwa fataki nyingi na muziki uliotungwa na Handel kwa ajili ya usiku ule. Sehemu ya jengo la mbao lililopambwa kwa sherehe iliwaka moto mbele ya umati. Fataki za Mfalme zilikuwa na ruhusa, na za raia hazikuwa nayo. Walakini jicho la mtazamaji halikuona tofauti. Ni vigumu kwa raia kuamini kwamba jambo ni ovu pale ambapo mtawala analitenda kwa fahari na kumwalika aje kulitazama.

Basi sheria ikakaa katika vitabu na fataki zikakaa njiani, mpaka mkutano wa viwili hivyo ulipotokea katika mji mdogo wa Milborne Port, wilaya ya Somerset. Ilikuwa jioni ya tarehe 28 Oktoba 1770, siku ya gulio. Watu wengi walikusanyika katika jumba la soko, jengo lenye paa na matao, lililo wazi pande tatu. Mtu mmoja jina lake Shepherd alirusha ndani fataki iliyokwisha washwa. Ikaangukia meza ya Yates, mwuza mikate ya tangawizi. Mtu aitwaye Willis, ili ajiokoe na kuiokoa bidhaa ya Yates, aliiokota akaitupa upande wa pili. Ikaangukia meza ya Ryal, ambaye naye aliuza bidhaa ya namna ile ile. Ryal, ili aokoe mali yake, aliitupa tena. Safari hii ilimpiga usoni mtu aitwaye Scott, ikapasuka, ikampofua jicho moja.

Kisa hiki chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja, lakini kiliwashughulisha majaji wakubwa wa nchi. Mkono wa Shepherd haukumgusa Scott. Fataki aliyoirusha ilikwisha tua mahali pengine, na kama ingeachwa pale, Scott angalirudi nyumbani na macho yake mawili. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Ryal, mwuza mikate asiyekuwa na ugomvi na mtu. Je, Scott amshtaki Ryal aliyempiga bila ya kukusudia ubaya, au Shepherd aliyeanza mchezo na hakumpiga? Baraza la waamuzi lilimpa Scott fidia ya pauni 100 dhidi ya Shepherd, kwa sharti kwamba majaji wa London waseme kama dai lake lilikuwa halali kwa kanuni.

Mwaka 1773 majaji wanne walitoa maoni yao, na hawakuafikiana. Jaji Blackstone, mwandishi wa kitabu mashuhuri juu ya sheria za Uingereza, alikuwa upande wa Shepherd. Kwa maoni yake Scott alichagua hati isiyofaa, kwa kuwa hati ile ilihusu madhara yaliyotokana moja kwa moja na nguvu ya mshtakiwa. Nguvu ya Shepherd, alisema, ilikoma fataki ilipotua mezani pa Yates. Willis na Ryal walikuwa watu huru, na kila mmoja aliipa fataki mwendo mpya kwa hiari yake. Jaji Nares alikanusha. Kurusha fataki, alisema, kulikwisha katazwa na sheria ya 1697, na mtu atendaye jambo lililokatazwa hana budi kujibu kwa matokeo yake, ya karibu na ya mbali. Jaji Gould aliongeza kwamba hofu iliwanyima Willis na Ryal nafasi ya kufikiri. Jaji Mkuu De Grey alikata shauri kwa hoja hiyo hiyo: watu wale wawili walitenda kwa kulazimika, ili kujinusuru, na kwa hiyo mwendo wote wa fataki, tangu mkono wa kwanza mpaka jicho la Scott, ulikuwa tendo la Shepherd.

Hukumu hiyo yasomwa na wanafunzi wa sheria hata leo, na yastahili. Ilisema wazi jambo ambalo mchezaji wa moto hapendi kulisikia: woga wa wengine ni sehemu ya tendo lake. Mtu anayetupa moto katikati ya watu hawezi kuwalaumu watu hao kwa kuruka, kusukumana, au kuutupa moto huo kwa mwenzao. Tena ilithibitisha kwamba sheria ya 1697, ingawa ilidharauliwa njiani, haikufa. Ilishindwa kumzuia Shepherd, lakini ilimngojea mahakamani. Hata hivyo msaada wake ulikuja baada ya jicho kupotea.

Miaka 88 baada ya gulio la Milborne Port, swali lile lile lilirudi mahakamani kwa sura nyingine. Mwaka 1858 mtu aitwaye Bennett alikuwa akitengeneza fataki katika nyumba yake, kinyume cha sheria ya 1697 ambayo ilikuwa bado na nguvu. Kwa uzembe wa watumishi wake moto ulizuka ndani, fataki moja ikaruka ikavuka njia, ikaiwasha nyumba ya pili, na mtu akafa. Bennett alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila ya kukusudia. Majaji wa rufani waliifuta hukumu hiyo. Kuweka fataki nyumbani, walisema, kulikuwa kosa kweli, lakini kuweka peke yake hakukumwua mtu. Kilichoua ni uzembe wa watumishi ulioongezeka juu yake.

Mashauri haya mawili yakiwekwa pamoja, msomaji wa historia ataona ajabu. Sokoni, mikono ya katikati haikumwokoa mwenye mkono wa kwanza. Nyumbani kwa Bennett, mkono wa mtumishi ulimwokoa bwana wake. Majaji hawakukosa sababu: shauri la Scott lilikuwa la fidia, na la Bennett lilikuwa la adhabu, na mambo hayo mawili hayapimwi kwa kibaba kimoja. Lakini marehemu wa 1858 hakuwa na faida na tofauti hiyo. Wala majirani hawakuwa nayo, waliokuwa wakilala ng'ambo ya njia, mkabala na ghala la baruti.

Hapo ndipo ubovu wa sheria ya 1697 ulipoonekana wazi. Ubovu wake haukuwa upole, bali ulikuwa kukataza kila kitu. Bunge lilikwisha sema kwamba hapana mtu atakayetengeneza fataki wala atakayeziuza. Kwa hiyo halikuweza kusema zitengenezwe umbali gani na nyumba za watu, ziwekwe kiasi gani mahali pamoja, au mtumishi afundishwe nini kabla ya kukabidhiwa baruti. Biashara iliyokatazwa haikaguliwi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 160 kazi ya fataki iliendelea katika vyumba vya miji, mbele ya macho ya watu wote, nje ya macho ya sheria peke yake. Marufuku iliyowekwa ili kuwalinda raia iliwanyima ulinzi.

Mwaka 1860 Bunge lilibadili njia. Sheria mpya ya baruti iliruhusu fataki zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Kisha tarehe 2 Oktoba 1874 mashua iliyochukua baruti ililipuka katika mfereji wa Regent's Canal, London, ikawaua waliokuwamo na kuharibu daraja na nyumba za jirani. Kwa jitihada ya mkaguzi wa serikali, Meja Vivian Majendie, Sheria ya Vilipukaji ya 1875 ikapita mwaka uliofuata. Kuanzia hapo kiwanda kilitakiwa kuwa na leseni, majengo yake yakae mbali na makazi, na baruti isizidi kiasi kilichowekwa. Mkaguzi alipewa haki ya kuingia na kutazama. Kurusha fataki njiani au mahali pa umma kulibaki kosa, kwa faini isiyozidi pauni 5.

Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kimoja kidogo chenye maana kubwa. Ilikataza kumwuzia baruti au fataki mtoto aonekanaye kuwa na umri wa chini ya miaka 13. Waswahili husema: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo humwachia mtoto afunzwe na jeraha lake. Lakini jeraha la wembe hubaki katika kidole cha anayeuchezea, na fataki huweza kujeruhi mtoto wa jirani. Bunge la 1875 lilimshika mwuzaji, mtu mzima mwenye akili timamu, likamwambia kwamba dhamana yaanza mezani pake, kabla ya kiberiti kuwashwa.

Tangu hapo sheria ilizidi kurudi nyuma, ikiufuata mkono wa kwanza. Mwaka 1894 serikali ilikataza kuchanganya salfa na klorati katika fataki, kwa kuwa mchanganyiko huo, uliopendwa kwa rangi zake, waweza kuwaka wenyewe bila ya kuguswa na moto. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 miji ilipozimwa taa kwa hofu ya ndege za adui, fataki na mioto ya Novemba nayo ilikoma. Amani iliporudi furaha ilirudi, na majeraha nayo yakarudi. Sheria ya Fataki ya 1951 iliagiza kwamba kila fataki itokayo kiwandani iwe na jina na anwani ya kiwanda, na ikaipa serikali uwezo wa kuziharibu zile zilizoonekana kuwa za hatari. Kwa mara ya kwanza fataki iliyomwumiza mtu iliweza kusomwa, na ikasema imetoka kwa nani.

Umri wa mnunuzi ulipandishwa kuwa miaka 16 mwaka 1976, kisha miaka 18 mwaka 1997. Mwaka huo wa 1997 fataki ndogo za kishindo zilizopendwa na vijana ziliondolewa madukani, na zile kubwa zirushwazo angani kwa mizinga zikaachiwa mafundi peke yao. Halafu ikaja Sheria ya Fataki ya 2003, na kanuni zake za 2004. Kanuni hizi hukataza raia kuwasha fataki kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi. Hukataza pia kuwauzia raia fataki zenye mshindo unaozidi desibeli 120, na humkataza kijana wa chini ya miaka 18 kuwa na fataki mahali pa umma. Avunjaye amri hizo aweza kufungwa miezi 6.

Marufuku ya usiku ina nyakati za kuachwa huru. Tarehe 5 Novemba ruhusa huendelea mpaka saa 6 usiku. Usiku wa mwaka mpya, mwaka mpya wa Kichina, na Diwali, ruhusa huendelea mpaka saa 7. Orodha hiyo fupi ni historia nzima. Mwaka 1606 sheria ya Uingereza iliamuru shangwe ya dini moja dhidi ya nyingine. Mwaka 2004 iliwapa Wahindu na Wachina saa moja zaidi kuliko ile waliyopewa wenyeji wa mila ya kale. Na miongoni mwa Wahindu hao wamo waliotoka Afrika ya Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, wengi walikwenda kukaa Leicester, ambako wengine kutoka Kenya na Tanzania walikwisha tangulia au walifuata. Walihama na sikukuu yao. Taa za Diwali zilizokuwa zikiwashwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zikawashwa katika barabara ya Belgrave Road, na sherehe ya huko ikawa miongoni mwa zile kubwa kabisa nje ya Bara Hindi.

Haikosi kusemwa kwamba vipimo hivi havitoshi. Mshindo ulioruhusiwa na sheria bado humfanya mbwa ajifiche chini ya kitanda na farasi avunje ua; na mtu aliyerudi vitani hausikii kama mchezo. Bunge la Scotland lilitunga sheria yake mwaka 2022, likazipa halmashauri za miji uwezo wa kutenga maeneo ambamo raia hawawashi fataki. Novemba 2024 mji wa Edinburgh ulikuwa wa kwanza kuutumia uwezo huo. Wako wanaotaka marufuku kamili irudi nchini kote, na fataki ziachiwe mafundi katika maonyesho ya hadhara peke yake. Hoja yao ni ya huruma, na huruma si jambo la kudharauliwa. Lakini anayeitaka marufuku hiyo hana budi kuikumbuka nyumba ya Bennett. Kukataza ni rahisi kuliko kukagua, na kwa sababu ni rahisi, serikali huweza kukataza na kwenda kulala, huku baruti ikiendelea kusindiliwa katika vyumba vya nyuma.

Funzo la miaka hiyo yote ni kwamba sheria njema ya fataki haianzi angani, mahali ambapo watu hutazama. Huanza kiwandani, hupita dukani, huuliza umri wa mnunuzi, hutazama saa ukutani, na hupima mshindo kabla haujafika sikioni mwa jirani. Ikisha fanya hayo yote, hubaki hatua moja ambayo hapana mkaguzi awezaye kuifika: kitambo kifupi baina ya kiberiti na utambi. Hapo mtu huwa peke yake na fataki yake. Majaji wa 1773 walikwisha mwambia kwamba yote yatakayofuata, hata yatakayotendwa na mikono ya wengine kwa hofu, yatahesabiwa kuwa yake.